Namna ya Kupanga Matengenezo ya Nyumba ya Zamani

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili watoka katika nyumba zilizojengwa kabla wazazi wao hawajaoana. Nyumba hizo zimechoka. Bati limeshika kutu, ukuta umepasuka, sakafu imebonyea katikati kama sahani. Basi ikitokea mwaka alizeti au zabibu zimeleta fedha kidogo, wenye nyumba hufanya moja katika mambo mawili: hununua rangi wakaipaka juu ya ubovu, au huita vijana wakabomoa yote. Katika makala haya nataka kueleza njia ya tatu, ambayo ni kuikagua nyumba, kuipima, na kuandika mpango kamili kabla hata shilingi moja haijatoka. Mfano wangu ni nyumba ya bibi yangu mzaa baba, iliyoko katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, kwa kuwa mwaka huu ukoo wetu ulinipa kazi ya kuipima na kuiandikia mpango. Mwalimu wetu wa hesabu amezipitia hesabu zote.

Kwanza yafaa tujue nyumba yetu ni ya namna gani, maana dawa ya tembe si dawa ya nyumba ya matofali. Wazee wetu wa Ugogo walijenga tembe. Burton alipopita huku mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, wote wawili waliandika habari za nyumba hizi zenye paa la bapa, zilizozunguka ua wa ng'ombe. Paa lake ni miti mizito juu ya nguzo, kisha fito, kisha nyasi, kisha udongo mwingi. Wageni wengi waliidharau tembe kwa sababu ni fupi na ina giza. Lakini mtu aliyekaa ndani yake saa nane mchana mwezi wa Oktoba, kisha akaingia katika chumba chenye bati tupu, hawezi kuidharau. Udongo ule mnene huchelewesha joto la jua lisifike ndani mpaka jioni, na usiku wa Julai, baridi ya uwanda wetu huu inapouma, huchelewesha joto lisitoke.

Kisha yakaja mabadiliko. Mwaka 1970 na 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma, watu wakahamishwa kutoka katika makazi yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa, na katika vijiji vile watu walihimizwa kujenga nyumba za matofali badala ya matembe. Babu yangu alihamia kijijini mwaka 1971, na mwaka 1972 akajenga nyumba yake kwa matofali mabichi aliyoyafyatua yeye na bibi. Nyumba ina urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, vyumba vinne na ukumbi katikati, kuta zenye unene wa sentimita 30. Nyuma yake alijenga tembe ndogo ya jiko na ya kuwekea mtama. Babu amekwisha kufariki. Bibi anakaa humo pamoja na wajukuu wawili wadogo.

Sasa nieleze kwa nini mpango ulihitajika. Masika ya mwaka huu bibi alilala siku nyingine akiwa amekalia kiti, kwa kuwa kitanda kilikuwa kinavujiwa na hapakuwa na pembe kavu ya kukisogezea. Baba yangu mdogo, anayefanya kazi mjini, alisema nyumba ibomolewe, bibi ahamie kwake, na kiwanja kiuzwe, kwa sababu tangu Serikali ihamie Dodoma bei ya ardhi imepanda. Shangazi alisema nyumba itengenezwe. Bibi mwenyewe alisema maneno machache: watoto wake tisa walizaliwa katika chumba cha mashariki, naye hatoki. Palikuwa na ubishi mkubwa, na kila mmoja alikuwa na sababu zake. Lakini niliona kwamba hakuna hata mmoja aliyejua kama nyumba yenyewe yaweza kupona. Hilo si jambo la ubishi. Ni jambo la kupima.

Msomaji, ukaguzi wa nyumba hautaki vyombo vya gharama. Mimi nilitumia futi ya kamba, uzi uliofungwa jiwe kuwa timazi, chupa ya maji yenye tone la hewa kuwa pimamaji, kisu, penseli na daftari. Anza juu ushuke chini, kwa sababu maji nayo huanza juu. Niliingia ndani saa sita mchana, nikafunga madirisha yote na mlango, nikahesabu vitobo vya mwanga katika bati. Vilikuwa 63. Kisha nikapanda kukagua miti ya kenchi kwa ncha ya kisu. Mti mzima hukataa kisu. Mti ulioliwa na mchwa hukipokea kama mkate, na miti yetu minne ilikipokea hivyo. Mchwa hujenga vichuguu vyembamba vya udongo ukutani kutoka ardhini hadi mtini, basi ukiona mstari kama huo usiufagie tu, ufuate ujue unakwenda wapi.

Baada ya paa, kuta. Niliteremsha uzi wenye jiwe kutoka juu ya ukuta, nikapima nafasi kati ya uzi na ukuta juu na chini. Ukuta wa kusini umeegemea nje sentimita 3. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba kitu husimama maadamu mstari wa uzito wake unaangukia ndani ya kitako chake, na sentimita 3 katika ukuta wa sentimita 30 bado ni kidogo. Hata hivyo nyufa zilikuwa tatu, na hapo ndipo penye somo kubwa.

Twasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila kuna ufa uliokwisha kutulia na kuna ufa unaoendelea kutembea, na dawa zake ni mbalimbali. Ufa uliotulia hutosha kuzibwa. Ufa unaotembea ukizibwa utafunguka tena, kwa sababu ugonjwa hauko ukutani, uko chini. Njia ya kuutambua ni rahisi sana. Likizo ya Desemba, kabla mvua hazijakolea, nilibandika ukanda wa karatasi juu ya kila ufa kwa gundi ya unga, nikaandika tarehe, na pembeni nikapiga mistari miwili ya penseli yenye nafasi ya sentimita 5 kamili, mmoja kila upande wa ufa. Likizo ya Juni, baada ya mvua, nilirudi. Karatasi mbili zilikuwa nzima. Ya tatu, iliyokuwa kwenye kona ya kusini magharibi, ilikuwa imechanika, na mistari yake ilikuwa imeachana kwa sentimita 5 na milimita 4.

Basi tukachimba kando ya kona ile kuutazama msingi. Msingi ni wa mawe, mzuri kabisa upande mwingine wote. Pale konani maji ya paa yameanguka mahali pamoja tangu mwaka 1972, yakaondoa udongo chini ya mawe. Pia udongo wa upande ule umechanganyika na udongo mweusi wa mbugani, ambao hunywa maji ukavimba, na kiangazi hukauka ukapasuka. Udongo wa namna hii ukivimba na kusinyaa kila mwaka huinua na kuangusha nyumba mpaka ikachoka. Ikaonekana sasa kwamba nyumba nzima haiumwi. Inaumwa paa na kona moja. Nilipoipeleka habari hii nyumbani pamoja na vipande vya karatasi, baba mdogo alivitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza mabati yatakuwa mangapi.

Tuhesabu basi. Paa jipya litakuwa na migongo miwili. Nusu ya upana wa nyumba ni mita 3, na tunataka bati litokeze nje ya ukuta sentimita 60, kwa kuwa ukuta wa matofali mabichi adui yake ni maji yanayorukia chini yake. Paa la zamani lilitokeza sentimita 20 tu, ndiyo maana kozi tatu za chini zimeliwa. Kwa hiyo upana wa mgongo mmoja ukipimwa bapa ni mita 3.6. Kimo cha paa, kutoka usawa wa ukingo wa bati hadi kofia, tumeweka mita 1.5. Wenzangu wa kidato cha tatu waliouliza kanuni ya Pythagoras inafaa nini maishani, jibu ni hili: 3.6 mara 3.6 ni 12.96, 1.5 mara 1.5 ni 2.25, jumla 15.21, na kipeuo chake cha pili ni 3.9. Bati liwe la mita 3.9. Siku hizi viwanda hukata bati kwa urefu anaoutaka mteja, kwa hiyo hakuna haja ya kuunga.

Urefu wa nyumba ni mita 9, na kila mwisho bati litokeze sentimita 60, jumla mita 10.2. Bati tulilochagua, likilaliana na jirani yake, hufunika sentimita 60. Gawanya 10.2 kwa 0.6 upate 17. Migongo miwili ni mabati 34, na kofia ya mita 10.2. Fundi mmoja aliyepita kijijini alikuwa amesema 45, bila kupanda wala kupima. Bei siandiki hapa, maana bei za mabati hubadilika kati ya muhula na muhula, lakini hesabu ya idadi haibadiliki, nayo ndiyo ya kwenda nayo dukani.

Kona nayo ina hesabu yake. Tutabomoa mita 1.5 kila upande, kwa kimo cha mita 2.4, yaani mita za mraba 7.2. Matofali yetu, ambayo yamelazwa kwa kukata unene wa ukuta, huonyesha uso wa sentimita 15 kwa 12, na udongo wa kuungia ni sentimita 1 na nusu, kwa hiyo kila tofali hushika sentimita 16.5 kwa 13.5. Yanahitajika 323. Tumefyatua 360, kwa kuwa mengine huvunjika na mengine hupindika juani. Tofali bichi likauke wiki nne kivulini, likigeuzwa. Anayeharakisha akajenga kwa tofali lenye unyevu hujenga ufa mpya. Na kabla ya kubomoa kona, paa liwe limeshushwa au limetegemezwa kwa nguzo imara. Msidhani ukuta ulioachwa peke yake utawasubiri.

Kuna jambo ambalo babu na mafundi wa wakati wake hawakulifanya, nalo ni mkanda wa juu. Tarehe 10 Septemba mwaka 2016 tetemeko lilipiga mkoa wa Kagera, watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Sisi wa Dodoma nasi tumekaa katika eneo la Bonde la Ufa, na ardhi yetu hutikisika mara kwa mara. Ukuta wa udongo hubeba mzigo vizuri ukisukumwa kutoka juu, lakini ukivutwa upande hauna nguvu. Kuta nne zisizofungwa pamoja hutikisika kila moja kwa njia yake mpaka zikaachana konani. Kwa hiyo juu ya kuta zetu, chini ya kenchi, tutalaza mkanda wa mbao mbilimbili zilizofungwa kwa vipingili, ukizunguka nyumba yote bila kukatika. Katika nyumba ya matofali ya saruji mkanda huo huwa wa zege na nondo. Kenchi zifungwe kwenye mkanda, zisikae juu yake tu, maana upepo wetu wa kiangazi nao ni mwizi wa mabati. Mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa.

Nyumba nyingine zina hatari ambazo nyumba yetu haina. Majengo ya zamani ya idara na mashirika huwa na paa la vigae vya asbesto, vya rangi ya kijivu. Msivikate wala kuvivunja, kwani vumbi lake huingia mapafuni likaleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Waitwe watu wenye ujuzi. Vivyo hivyo rangi kuukuu yaweza kuwa na madini ya risasi, basi isikwanguliwe kavu penye watoto.

Juu ya lipu nina neno. Desturi ya sasa ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo, ili nyumba ionekane ya kisasa. Hupendeza miaka miwili. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo ni laini na hupumua. Unyevu ukiingia nyuma ya saruji haupati pa kutokea, udongo huoza polepole na lipu hudondoka vipande vizima. Ukuta wa udongo upakwe udongo uliochanganywa na mchanga na mabua yaliyokatwakatwa, kisha chokaa juu. Saruji yetu tutaitumia penye kazi yake: baraza pana kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kupeleka maji mbali, na sakafu. Katika familia yetu shauri hili halikupendwa na wote. Jirani amepiga saruji na nyumba yake yang'aa.

Madirisha tutayapanua mawili, na kuyatia wavu wa mbu, lakini hakuna litakalokatwa karibu na kona, maana kona ndiyo nguvu ya nyumba. Waya za umeme zipitishwe kabla ya lipu, na fundi awe mwenye leseni ya EWURA. Chumba cha mashariki hakiguswi ila paa na rangi. Tembe ya nyuma inabaki, kwa amri ya bibi, nami nakubaliana naye kabisa: ndicho chumba chenye ubaridi kuliko vyote pale nyumbani.

Sasa maji. Paa letu likipimwa bapa ni mita 10.2 kwa 7.2, yaani mita za mraba 73.44. Mvua ya Dodoma, katika mwaka wa kawaida, ni kati ya milimita 550 na 600, na karibu yote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Chukua 550: paa hupokea lita 40,392. Tukisema sehemu moja katika tano hupotea kwa kurukaruka na kufurika, zabaki lita 32,313. Nyumbani hutumika ndoo sita za lita 20 kwa siku, sawa na lita 120, na kuanzia Mei hadi Novemba ni siku 214, zinazohitaji lita 25,680. Maana yake paa linaloangusha kona yetu lingeweza kuwanywesha watu wa nyumba ile kiangazi chote. Shida ni pa kuyaweka. Tangi la lita 5,000 hutosha siku 41 tu. Hata hivyo siku 41 za bibi kutokwenda kisimani si kitu kidogo, na gata lazima liwekwe kwa vyovyote ili kuiokoa kona.

Utaratibu wa kazi huandikwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwisho wetu ni mvua za kwanza, zinazoweza kufika mwishoni mwa Novemba. Basi bati liwe juu kabla ya mwisho wa Oktoba. Ili bati liwe juu, mkanda na kenchi viishe Septemba. Ili mkanda ukae, kona iwe imejengwa Agosti. Ili kona ijengwe, matofali yafyatuliwe Juni na kukauka Julai. Mfereji wa kugeuza maji ulichimbwa Juni hiyohiyo, kwa jembe tu. Lipu, sakafu na rangi vyaweza kungoja mwaka mwingine, kwa sababu vinafanyika ndani ya nyumba isiyovuja. Mtu akianza na sakafu na rangi, kisha akapandisha mafundi wa paa, atalipia sakafu na rangi mara mbili.

Fedha nazo zigawanywe kwa utaratibu huohuo. Sehemu moja katika kumi iwekwe kando kwa yale ambayo kisu na timazi havikuyaona. Na fundi apewe mkataba ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja, wenye kipimo cha kazi, siku ya kumaliza, na malipo kwa hatua: kona ikisimama, malipo, mkanda ukifungwa, malipo. Ndugu yetu mmoja alimlipa fundi fedha zote siku ya kwanza kwa kuwa alikuwa mcheshi. Hajaonekana hadi leo.

Wasomaji wenye nyumba mjini wana hatua moja zaidi kabla ya haya yote. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikapangwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mpaka mamlaka hiyo ilipovunjwa mwaka 2017, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Mipango imebadilika mara nyingi. Waulize kwanza halmashauri kama barabara haipiti sebuleni, na wachukue kibali cha ujenzi. Kijijini kwetu tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji, na shangazi ameanza kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la bibi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Baba mdogo hakupinga. Yeye ndiye aliyelipia kofia na mabati 20. 14 yaliyobaki yatanunuliwa alizeti ikiuzwa.

Ninapoandika haya kona imekwisha kujengwa na mbao za mkanda ziko uani, zimefunikwa. Paa litapandishwa nikiwa hapa shuleni nikijiandaa kwa mtihani wa Novemba, kwa hiyo nimemwachia bibi daftari lenye vipimo, na mjukuu wake wa darasa la sita amefundishwa kusoma timazi. Tangi litangoja mwaka ujao. Kwa sasa patakuwa na mapipa mawili chini ya gata.